Ofa ya Kuketi na Mkwe

Warwick, Durban
14 Julai 2024

Scola mdogo wangu,

Nakuandikia nikiwa mzima kuanzia kiunoni kwenda juu. Huko chini usiniulize, baridi ya Julai imehamia magotini kama mpangaji asiyelipa kodi. Gwakisa mwanangu yuko njiani na lori, ametoka bandarini jana na mzigo wa Zambia. Wajukuu wanakula kama mchwa. Mama yao, mke wa Gwakisa, naye mzima. Najua kwa sababu kabla ya kupita mlangoni anakohoa, nami nakohoa kumjibu, basi tumeshajuliana hali. Tangu aolewe sijauona uso wake, wala yeye wangu hajauona, kama tulivyolelewa nyumbani kwamba baba mkwe na mke wa mwanawe hawakutani. Vijana wa Kitanzania hapa wananicheka. Wazulu hawanicheki, wao wana lao linalofanana na hilo, wanaliita hlonipha.

Barua hii anakuletea dereva mwenzake Gwakisa anayeshusha mzigo Tunduma. Sikupigii simu kwa sababu ukipokea simu wewe, kwaya nzima inasikia.

Sasa jambo lenyewe. Nilikueleza habari za Ruphin, yule Mkongomani mwenye cherehani sita hapa sokoni Warwick, mwenye tumbo la mchungaji. Bado nashonea cherehani yake, na bado anachukua nusu ya kila sare ninayoshona. Ukimuuliza anasema, "Mzee, machine iko yangu, mikono iko yako, tugawane." Mikono inayouma usiku ni yangu peke yangu, hilo hataki tugawane.

Kuna mama mmoja wa Kihindi kule Morningside, mumewe alikuwa fundi, amefariki, ameacha cherehani ya umeme ya kiwandani. Scola, inakimbia kuliko ulimi wako. Anaiuza. Kanipenda kwa kuwa nilimbadilishia zipu bure, amesema atanishikia mpaka Krismasi, baada ya hapo anahamia kwa binti yake na kila kitu kinauzwa. Nikiipata, sare za shule za Januari nashona kwa faida yangu. Nikiikosa, nitafia kwenye cherehani ya Ruphin, na nina hakika jeneza naye atataka nusu.

Basi nikaenda ofisi ya mikopo, ghorofa ya pili, hapa hapa karibu na soko. Nikaomba mkopo wa bei ya cherehani, nikapeleka kila karatasi waliyoitaka. Afisa akasema nirudi Alhamisi. Nikarudi nimevaa lile koti la harusini kwako. Akaniambia, "Mzee, hatujakukataa. Tunakupa ofa nyingine. Utapata nusu ya ulichoomba, na mke wa Gwakisa, kwa vile ana mshahara wa hospitali, atakuwa mdhamini. Mtakaa hapa wawili, kiti kwa kiti, mtasaini mbele yangu."

Nikadhani ni utani. Kumbe alishamwita, yuko koridoni. Nikasikia kikohozi. Nilitokea mlango wa nyuma, wanapochemshia chai, na mlinzi wao Mzulu akanifungulia bila kuuliza. Akasema tu, "Hlonipha, Baba." Kofia yangu nimeiacha kwao.

Kwa hiyo umeomba ng'ombe wanakuletea kamba, na kamba yenyewe wanataka uifunge shingoni mwako. Nusu ya cherehani haishoni hata kifungo. Na kiti kwa kiti na yule mwanamke sikai, hata wanipe bandari nzima na meli zake.

Afisa huyo ni kijana wa kwetu, ndiyo maana nalala nikisaga meno. Jina lake sikuambii leo.

Kaka yako mwenye miguu mepesi,
Ambokile


Tukuyu
22 Agosti 2024

Kaka Ambokile,

Ugonile. Bwana asifiwe, nawe uitikie amina hata kama ni kwa kununa. Barua yako ilikwama Tunduma na lori kwenye foleni ya mpaka, ikanifikia inanuka dizeli. Huku ukungu hautoki, viazi vimekubali, ndizi zimeanguka kwa upepo. Nyonga yangu inaniuma nikipanda mlima wa kanisani, nikishuka haiumi, kwa hiyo ni ya shetani.

Habari njema: binti yangu Belinda ana mimba, atajifungua Novemba. Mume wake Boniface ameshasema atanitumia nauli nije kumlea mzazi. Unavyomsema vibaya kila siku, ndiye aliyeniezekea bati nyumba nzima. Mwanao Gwakisa alinitumia redio.

Nimecheka mpaka nikakaa chini kwa hiyo habari ya mlango wa nyuma. Ila Kaka, unahangaika nini na vijana wasio na adabu wakati Boniface yuko kwenye kazi hiyo hiyo ya mikopo, mji huo huo? Ni mume wa mpwa wako. Mwone, mweleze kwa upole, usimtanie kuhusu upara.

Na huyo kijana mtaje. Ukificha jina najua umebandika kitu jikoni.

Dada yako,
Scola


Warwick, Durban
29 Septemba 2024

Scola,

Amina. Hongera ya mimba ya Belinda, mtoto afuate upande wetu, hasa kichwani, kwenye nywele. Gwakisa amerudi, analala. Mimi nakula, nashona, nagawana.

Umeniambia nikamwone Boniface. Nilimwona. Ni yeye. Huyo afisa wa ofa ni mkwe wako Boniface, mezani kwake ndipo nilipoitwa Alhamisi ile. Sikukutajia Julai kwa sababu nilijua utatuma bati kunipiga nalo. Sasa nakutajia, kwa kuwa amezidi.

Baada ya ile siku nilikaa kimya. Kwetu mtu akikuletea jambo la aibu, ukainuka ukaondoka, umeshamjibu. Nikangoja waniandikie kwamba nimenyimwa, nijue moja, nitafute pengine. Hakuna. Si ndiyo, si hapana, wiki zinakwenda na mama wa Kihindi ananiuliza kila nikipita.

Jirani yangu Mireille, yule Mkongomani wa saluni, ndiye aliyenifungua macho. Yeye aliomba mkopo, wakamletea pungufu, akawauliza, wakamwandikia. Akaniambia, "Papa, hapa sheria iko wazi. Wakikunyima, au wakikupa chini ya ulichoomba, ukiomba sababu ni lazima wakuandikie. Uende, useme tu: niandikieni."

Nikaenda. Boniface hakuinua uso. Akasema, "Mzee, hujanyimwa. Ulipewa ofa, ukaondoka mwenyewe. Kwenye kompyuta imeandikwa mteja ameghairi. Aliyeghairi haandikiwi sababu."

Nikamwambia, "Sikughairi, nilimkimbia mkwe, nawe unajua."

Akacheka kidogo, akasema, "Pole, hapa ofisini hatuna stoo ya viazi."

Umesikia, Scola? Stoo ya viazi. Ubatizo wa mtoto wa kwanza wa Gwakisa, Tukuyu, nyumbani kwako, nilipojifungia humo na magunia mpaka yule binti alipomaliza kupakua chakula. Boniface siku hiyo alikuwa hajamjua hata Belinda. Gwakisa hakusema, nimemuuliza. Mkewe hawezi kusema. Nani mwingine alikuwapo? Nani alimwambia kwamba hata hapa Durban bado namkwepa mke wa Gwakisa, na kwamba nikimwona nitakimbia?

Maana nimeshaelewa alivyoipika. Ruphin ni mteja mkubwa wa ofisi ile, cherehani zake zote sita ni za mkopo wao. Mafundi tukianza kununua zetu, Ruphin atalipa na nini? Kuninyima waziwazi Boniface asingeweza, sababu ya kuandika hana, karatasi zangu zilikuwa safi. Akatafuta ofa ambayo nitaikimbia kwa miguu yangu. Na Ruphin sasa ananipita akiimba, ananiambia, "Mzee, ulisema unaenda, mbona uko?"

Nawaza mengi, mengine hayafai kuandikiwa mtu wa kwaya. Nimewaza nimwombee kazi mochwari. Nimewaza nisimame Jumapili mbele ya Watanzania wote na niseme alivyonitendea huyu mwezekaji wa bati lako. Nitamfanyia kitu, Scola, na atakijua.

Swali langu nijibu.

Ambokile


Tukuyu
19 Oktoba 2024

Kaka,

Salamu za hapa ni nzuri. Mvua imeanza. Nimepanda maharage. Mchungaji amehamishwa. Paka amezaa kwenye sanduku la vitenge, nimemwacha.

Yote uliyoandika nimeyasoma, nimeyasoma tena.

Nauli ameshatuma. Naondoka na basi wiki ya kwanza ya Novemba. Usisimame mbele ya mtu yeyote Jumapili. Usifanye lolote mpaka nifike.

Scola


Morningside, Durban
21 Novemba 2024

Kaka yangu,

Belinda na mtoto wazima. Ni wa kike, ana nywele nyingi, sema asante. Nyumba yao iko juu kileleni, choo ndani, majirani hawasalimiani. Nimempa barua hii mke wa Gwakisa alipokuja kumwona mtoto, atakuwekea juu ya cherehani na kukohoa. Simu sitaki, ya hapa ni ya Boniface, na kwako sijapita wasije wakasema umenituma.

Jumatatu alipotoka kwenda kazini, nami nikavaa. Nikafunga kitenge kipya, nikachukua chupa ya chai, nikapanda taxi, nikashukia robot ya sokoni, zile taa za barabarani, kama ulivyowahi kunielekeza. Mireille alinipandisha ghorofa ya pili. Kuna benchi moja mlangoni, kila anayeingia analipita. Nikakaa katikati.

Boniface alikuwa ameenda kununua mkate. Akapanda ngazi anapiga mluzi. Kaka, aliponiona, mluzi ulibaki mdomoni bila sauti. Unajua kwetu mkwe mwanamume hali wala hakai mbele ya mama mkwe. Akauficha mkate mgongoni, akainama, akasema, "Shikamoo mama, kuna tatizo nyumbani?" Nikamwambia, "Marahaba mwanangu. Nyumbani kwema. Nasubiri karatasi." Akashuka ngazi tena. Hakurudi mpaka mchana, na mkate hakula.

Jumanne nilikwenda. Jumatano nilikwenda. Asipite, asikae, asitafune. Wateja wake wakawa wanamsubiri pamoja nami, nikawamiminia chai. Yule mlinzi wako aliniletea mto wa kukalia. Nyumbani jioni Boniface ananipisha njia kama gari la zimamoto, wala haniulizi, wala simwambii.

Jana akatoka bosi, mama wa Kizulu mwenye miwani shingoni. Akauliza kwa Kiingereza huyu bibi ni wa nani. Hakuna anayejua Kiswahili isipokuwa Boniface, akaitwa kutafsiri. Mireille akajibanza mlangoni, akamwambia, "Tafsiri vizuri, papa. Miye pia nasikia Kiingereza."

Nikasema, "Mwambie mimi ni mama mkwe wako."

Akasema. Bosi akatabasamu.

Nikasema, "Mwambie kaka yangu aliomba mkopo, mkampa kingine ambacho hakuomba. Hakukipokea. Mmwandikie kwa nini."

Akatafsiri. Bosi akaangalia kompyuta, akasema imeandikwa mteja ameghairi.

Nikasema, "Mwambie hakughairi. Mwambie wewe ulimleta mke wa mwanawe ukijua mila, ili akimbie, usilazimike kuandika. Mwambie na Ruphin."

Kaka, hapo ungemwona. Jasho lilimtoka mpaka kwenye tai. Akanong'ona, "Mama, nakuomba." Nikamwambia, "Sijakuita uniombe, nimekuita utafsiri." Mireille akakohoa. Akatafsiri. Neno kwa neno, akiangalia viatu vyake, akajitaja mwenyewe kama anasoma habari za mtu mwingine. Bosi alivaa ile miwani.

Sijui walisema nini baadaye, mlango ulifungwa. Nilirudi nyumbani nikapika. Boniface hajala. Belinda ananiangalia kama mimi ndiye mwizi. Nimefanya ulichotaka, Kaka. Naomba iishie hapo.

Dada yako


Warwick, Durban
8 Desemba 2024

Scola, jemadari wa benchi,

Ubarikiwe, na nyonga yako ibarikiwe. Soko lote linakusimulia. Mireille ameshaigiza "sijakuita uniombe" mbele ya wanawake wa saluni mpaka mteja mmoja akaungua na pasi ya nywele. Mjukuu wako nimeletewa picha yake, kichwa ni chetu.

Bosi aliniita. Nilikwenda na koti lile lile. Kofia yangu ilikuwa imetundikwa nyuma ya mlango, imefuliwa. Akanipa karatasi, na Mireille akanisomea: hapakuwa na sababu yoyote ya kunipunguzia mkopo wala kudai mdhamini. Imepigwa muhuri. Halafu akanipa mkopo wote, kwa jina langu peke yangu. Sikuketi karibu na mtu.

Cherehani imefika. Gwakisa na wenzake wanne waliibeba kutoka Morningside, mama wa Kihindi akaipaka kidole cha manjano kwa baraka, akalia kidogo. Nimeiweka meta tano kutoka kwa Ruphin, nikaiwasha makusudi haina kitambaa, aisikie. Akaja, mikono nyuma. "Mzee, hata salamu?" Nikamwambia, "Salamu iko yako, masikio iko yangu, tugawane." Mafundi wake wawili wameshauliza ofisi ile inafunguliwa saa ngapi.

Sasa sikiliza. Bosi aliniambia jambo lingine. Boniface amepewa onyo tu, kwa kuwa mlalamikaji ni mimi na mimi sijaandika. Nikiandika kwa mkono wangu yote aliyonifanyia, litakwenda makao makuu, na kile kiti atakaa mwingine. Nikitaka. Hakunipa siku ya mwisho.

Nimenunua kalamu mpya.

Ambokile


Tukuyu
26 Januari 2025

Kaka,

Nilifika salama, miguu imevimba kwa basi, sasa imenywea. Maharage yameiva bila mimi. Paka amehama na watoto wake.

Nafurahi kusikia sare zimekulipa. Nasikia umeajiri fundi. Hongera.

Belinda ananipigia kila siku. Anasema Boniface hapati usingizi. Simu ya ofisini ikilia anasimama. Akiitwa jina anauliza kuna nini kabla hajaambiwa. Hela ya kodi ya nyumba wanaiweka pembeni, hawajui watahamia wapi. Mtoto ananyonya huku mama analia. Mimi nilikaa benchi lile kwa ajili yako, nikamvua nguo mkwe wangu mbele ya watu. Nimeshaulipa upande wangu, ujue hivyo.

Nakuuliza neno moja tu. Ile barua umeipeleka au hujaipeleka? Ukisema umepeleka, tutajua tujipange. Ukisema hujapeleka, watoto walale. Nijibu, Kaka. Ndiyo au hapana.

Scola


Warwick, Durban
16 Februari 2025

Scola mdogo wangu,

Nakusalimu nikiwa nimeketi kwenye kiti changu mwenyewe, mbele ya cherehani yangu, na joto la Februari limewafukuza wapangaji wa magotini. Gwakisa amepeleka mzigo Johannesburg. Mke wa Gwakisa amepandishwa cheo hospitalini, nimemkoholea mara tatu kumpongeza, akajibu mara mbili kwa adabu. Fundi niliyemwajiri anaitwa Léonidas, Mrundi, mwembamba kama uzi, alikuwa wa Ruphin. Simkati nusu.

Barua nimeiandika kweli. Kurasa mbili, bila Mireille, na Kiingereza changu cha darasa la tano, lakini bosi ataelewa, kwa sababu hasira haina sarufi. Kila kitu kimo: Alhamisi ile, kikohozi koridoni, stoo ya viazi, Ruphin. Nimeikunja na bahasha nimeilamba.

Unauliza kama nimeipeleka. Sikuambii.

Usinielewe vibaya, sijakukatalia. Wala sijakukubalia. Boniface naye hivyo hivyo, hajanyimwa kiti, hajahakikishiwa kiti. Mimi nilikaa kuanzia Julai mpaka Novemba nikiwa mtu wa namna hiyo, kila nikipita Morningside naulizwa na mama wa watu, "Vipi, umepata jibu?" nami natabasamu kama mjinga. Ni maisha, watu wanaishi. Chakula kinapungua ladha tu, na mtu anajifunza kusikiliza hatua za wenzake kwenye ngazi. Mwache asikilize. Akikuuliza kaka yako ameamua nini, mwambie hujui, na kwa mara ya kwanza kwenye jambo langu utakuwa umemwambia ukweli usiomsaidia.

Huenda ipo kwenye droo ya cherehani. Huenda iko makao makuu, inapita meza hadi meza. Mtoto anyonye, hana kosa, nimemshonea gauni, limo humu ndani ya mfuko pamoja na barua hii.

Najua utasema, kwa nini nakuficha hata wewe, uliyenikalia benchi. Benchi nalishukuru, mpaka kaburini. Lakini iko sababu, Scola, inanuka stoo ya viazi na lile swali la Septemba ulilolipita, na naijua vizuri, na kalamu bado ina wino. Ila nimejifunza utaratibu wa mji huu: sababu huandikiwa yule anayeiomba. Ukiitaka ya kwako, niandikie, uiombe. Nitakujibu kwa maandishi, wewe mwenyewe, kwa jina lako kamili.

Nakungoja bila haraka,
kaka yako wa tumbo moja,
Ambokile